Mke Mwenye Shahada na Huduma ya Taifa

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe wote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu,

Katika darsa za wanawake zinazosomwa Kibera na Kawangware, mjini Nairobi, tumeletewa masuala mawili yanayokaribiana. Na kwa kuwa nyumba nyingi za Mombasa, Malindi na Lamu zina mabinti waliokwenda Nairobi kusoma kisha wakaolewa huko huko, tumeona ni wajibu wetu kuyajibu humu ili faida iwaenee wote.

Suala la kwanza limetoka kwa mama mmoja wa Kibera. Binti yake amepata shahada ya chuo kikuu, na ameolewa kwa nikahi iliyofungwa mtaani, mbele ya walii na mashahidi, ila hakuandikiwa cheti. Sasa binti ataka kujiandikisha katika Huduma ya Vijana kwa Taifa apate ujuzi wa mkono, na shoga zake wamemwambia: "Ukiulizwa, sema hujaolewa. Nani atajua?"

Suala la pili limeletwa na mwanamke kijana wa Kawangware, mzaliwa wa pwani, naye pia ana shahada. Amesikia watu wakisema kwamba huenda wasomi wote wakalazimishwa kutumikia taifa, na mumewe amemwambia: "Mke wangu haandikwi na mtu." Yeye auliza: Sheria ikimwita, amtii nani?

Huduma ya taifa ni kitu gani?

Kabla ya kutoa hukumu ya jambo hatuna budi kulijua. Katika Kenya, Huduma ya Vijana kwa Taifa iliundwa mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya uhuru. Vijana hufundishwa nidhamu na ukakamavu, hufanya kazi za kujenga nchi, kisha husomeshwa ufundi. Watu wa Kibera wameiona kwa macho yao, kwani mwaka 2014 vijana wa Huduma hii waliingia huko, wakashirikiana na vijana wa mtaa kuzibua mitaro na kujenga vyoo na njia.

Kulazimishwa nako si jambo jipya. Mwaka 1984 Serikali ya Kenya iliamuru kila aliyechaguliwa kuingia chuo kikuu aanze kwa mafunzo ya Huduma hii, wavulana na wasichana pamoja. Amri hiyo ilikwisha ondolewa zamani, na hivi leo hapana sheria ya Kenya inayomlazimisha mwenye shahada, mwanamume au mwanamke, kujiandikisha. Anayekwenda huenda kwa khiari yake.

Jirani zetu wa Tanzania waliunda Jeshi la Kujenga Taifa mwaka 1963, na mwaka 1966 wakaweka sheria ya kuwalazimisha wasomi. Wanafunzi waliandamana mjini Dar es Salaam mwezi wa Oktoba mwaka huo, na Rais Nyerere akawarudisha makwao karibu mia nne. Huduma ya lazima ilisimamishwa mwaka 1994, ikarudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Na katika khabari zao mna funzo linalotuhusu. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Haukupita muda ikaonekana kwamba wasichana wanaofika chuoni wanapungua, kwani wengi huolewa na kuzaa katika muda ule wa kungoja. Ndipo Serikali ikawapunguzia wanawake sharti hilo.

Nchini Nigeria, huduma ya mwaka mmoja kwa wasomi ilianzishwa mwaka 1973, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ili makabila yajuane. Anayemaliza chuo kabla ya kutimiza miaka 30 huitwa, awe mume au mke. Mwanamke aliyeolewa hasamehewi, lakini huruhusiwa kutumikia katika jimbo analokaa mumewe, maadamu ataleta cheti cha ndoa na ushahidi wa makao ya mume. Wengi wa wanawake hao ni Waislamu kama sisi. Basi liangalieni jambo hili vizuri: kinachomweka mwanamke karibu na nyumba yake ni ile karatasi ya ndoa.

Hadithi ya mtu aliyeandikwa

Wamepokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, kwamba Bwana Mtume (S.A.W.) alipokuwa akihutubia, alisimama mtu mmoja akaeleza kuwa mkewe ametoka kwenda Hija, na yeye mwenyewe ameandikwa katika jeshi la vita fulani. Mtume akamwamrisha aende akahiji pamoja na mkewe.

Wanavyuoni huitaja hadithi hii katika mlango wa safari ya mwanamke na maharimu wake, na hapo ndipo mahali pake. Lakini mna faida nyingine ndani yake. Mtu yule alikuwa ameandikwa, yaani jina lake limo katika daftari la jeshi, wala hakutoroka wala hakuficha. Alisimama mbele ya watu akasema hali yake ilivyo: nimeandikwa, na nina mke. Naye Bwana Mtume, aliyekuwa ndiye mkuu wa jeshi, hakumkemea, bali alimpa njia. Basi mtumikizi ana wajibu wa kusema kweli, na mwenye amri ana wajibu wa kuichunga ndoa.

Sayyidna Umar bin Khattab naye alipomsikia usiku mwanamke akilalamika kwa upweke, mumewe yuko vitani, alimuuliza binti yake Hafsa ni muda gani mke aweza kumsubiri mumewe. Kisha akaweka mpaka wa muda ambao askari hawazuiliwi mbali na nyumba zao zaidi yake. Riwaya zimekhitilafiana katika hesabu ya miezi, lakini maana ni moja: dola ya Kiislamu iliitia ndoa katika hesabu ya jeshi.

Wala asiseme mtu kwamba kuwatumikia watu si kazi ya mwanamke. Rubayyi binti Muawwidh amesimulia kwamba wao wanawake walikuwa wakitoka na Bwana Mtume, wakiwanywesha watu maji na kuwahudumia majeruhi. Na Rufayda alikuwa na hema yake akitibu waliojeruhiwa. Walitoka na stara yao, na watu wao walijua wako wapi.

Jawabu la suala la kwanza

Ewe mama wa Kibera, nikahi ya binti yako, ikiwa ilikuwa na walii, mashahidi wawili waadilifu, ijabu na kabuli, basi ni nikahi sahihi mbele ya Mwenyezi Mungu, hata kama haikuandikwa. Na kwa sababu hiyo hiyo, kusema kwamba hajaolewa ni uwongo, na uwongo ni haramu, hata ukisemwa kwa kalamu mbele ya karani asiyemjua mtu.

Na madhara yake si ya Akhera peke yake. Je, akipatwa na mauti kambini, ataitwa nani? Mumewe atakuja na atasema yeye ni nani? Akifa mume naye yuko kule, atakaaje eda ya mume ambaye amekwisha mkana kwa maandishi? Akishika mimba, watu watamdhania nini? Na akitokea mtu kumposa, kwa kuwa daftari lasema hana mume, dhambi hiyo imeanzia wapi? Sheria yetu imetaka ndoa itangazwe ili milango hii yote ifungwe.

Dawa yake ni kuiandikisha ndoa. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya mwaka 2014 imetaka ndoa zote ziandikishwe, na za Kiislamu zimo. Makadhi wetu wametajwa ndani ya Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 170, kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Basi mume na mke na waende kwa Kadhi pamoja na walii na mashahidi wangali hai na wangali wakumbuka. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Suratul Baqara, aya ya 282, deni la muda liandikwe. Ikiwa shilingi zinaandikwa, itakuwaje nasaba na heshima ya mwanamke viachwe katika vinywa vya watu?

Na watu wa Kibera wanalijua hili kuliko wengi wetu. Wazee wa Kinubi waliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa Waingereza, wakatumikia vita vyao, wakakalishwa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita. Utumishi waliutoa, lakini hati ya ardhi hawakuwa nayo. Wajukuu wao waliingoja mpaka Juni 2017 ndipo wakapewa hati ya ekari 288, na vijana wao walikuwa wakisimamishwa mbele ya kamati za uchunguzi kabla ya kupata kitambulisho. Haki isiyoandikwa ni haki, lakini mwenyewe huhangaika nayo.

Jawabu la suala la pili

Ama dada yetu wa Kawangware, jawabu lake lina sehemu mbili.

Ya kwanza, maadamu hapana sheria inayolazimisha, kwenda ni khiari, na jambo la khiari litakalomtoa mke nyumbani kwa miezi halifanywi bila ya ridhaa ya mume, kwani lagusa haki yake. Lakini mume naye ajue kwamba ridhaa hii si fimbo. Mwenyezi Mungu amewataja mume na mke washauriane na waridhiane hata katika kumwachisha mtoto ziwa, Baqara aya ya 233. Basi mambo makubwa zaidi ya ziwa yataamuliwaje kwa neno moja la ghadhabu? Na asikize sababu zake: huenda anataka ujuzi utakaowasaidia wote wawili. Akikataa, akatae kwa sababu inayoelezeka, kama mtoto mchanga, ugonjwa, au kambi isiyo na stara.

Ya pili, ikiwa siku moja sheria itawaita wenye elimu kwa manufaa ya watu wote, na wala haiamrishi maasi, basi kuitii ni wajibu, na neno la mume "haandikwi na mtu" si hoja. Twajua katika fikihi kwamba mambo ya fardhi kifaya mke humwomba mumewe ruhusa, na mambo ya fardhi ya kila mtu hayangoji ruhusa ya mtu. Amri halali ya dola hairukwi kwa ubishi, bali hukabiliwa kwa udhuru wa kweli. Atafanya kama alivyofanya mtu yule wa hadithi: atakwenda na mumewe kwa wahusika, aseme nimeolewa, na cheti changu hiki, naomba nitumikie mahali anapokaa mume wangu. Wala haijuzu kukimbilia ndoa ya uwongo ili kuikwepa huduma, kama isivyojuzu kuificha ndoa ya kweli ili kuipata.

Nasaha

Wazazi na waposaji: ikiwa binti anasoma, mambo haya na yasemwe kabla ya nikahi, si baada yake. Bwana Mtume ametufundisha kwamba sharti zinazostahiki zaidi kutekelezwa ni zile za nikahi. Imamu Ahmad amezitilia nguvu sharti kama hizi kuliko Imamu wetu Shafii, na si vibaya kwa watu wa madhehebu yetu kuwafuata Wahanbali hapa, kwani lina maslaha. Iandikwe wazi: mke atamaliza masomo yake, na ataruhusiwa kutimiza huduma ya taifa akiitwa, kwa stara na karibu na nyumba yake.

Maimamu: msifunge nikahi bila daftari, na msimwache bwana harusi aondoke bila kumwonyesha njia ya kwenda kwa Kadhi.

Na viongozi wetu: Katiba imewapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla ya sheria kupitishwa. Ukiletwa mswada wa kulazimisha huduma, msingoje upite ndipo mlalamike msikitini. Nendeni mapema mkatake manne: mke awekwe mji wa mumewe, mwenye mimba na anayenyonyesha aahirishiwe, malazi ya wanawake yawe mbali na ya wanaume, na vazi la stara na nyakati za Sala viheshimiwe. Alipoanzisha gazeti lake la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui aliwaamsha Waislamu wa pwani wasikae nyuma huku wenzao wanakwenda. Leo binti zetu wamesoma, alhamdulillahi. Tusiwafanye wachague kati ya elimu yao na nyumba zao kwa sababu ya uzembe wetu wa kuandika na kusema.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azitengeneze nyumba zetu na nchi yetu, na atujaalie kuwa pamoja na wakweli. Amin. Wabillahi taufiq.