Tumbo, utumbo, matumbo: lipi useme, na wapi

Mtume mtoto buchani akalete nusu kilo ya "tumbo" uone atakavyorudi na swali badala ya nyama. Mzizi ni mmoja, ila kiambishi cha mbele hubadili mambo. Usikosee, fuata haya.

1. Buchani. Tanzania agiza utumbo. Ukishavuka Namanga kuingia Kenya, agiza matumbo. Usishangae ukipimiwa pia tumbo lenyewe la ng'ombe, ile sehemu yenye manyoya kama taulo. Utumbo wa muuza nyama ni mpana kuliko wa daktari.

2. Hospitalini. Hapa utumbo ni ule mrija tu: utumbo mwembamba, wenye urefu wa mita 6 hivi kwa mtu mzima, na utumbo mpana, mita 1.5 hivi. Kwa hiyo usiseme "utumbo unauma" kwa kubahatisha. Sema tumbo, kisha onyesha kwa kidole. Ni juu ya kitovu, chini yake, au kwenye chembe ya moyo? Hiyo chembe, licha ya jina lake, iko pale kifua kinapoishia na tumbo kuanza. Halafu eleza: linakata, linasokota, linawaka moto au linaendesha, na tangu lini.

3. Kwenye ukoo. Ndugu wa tumbo moja ni waliozaliwa na mama mmoja. Watoto wa baba mmoja na mama tofauti hawaingii hapa, hata wakipendana vipi.

4. Kwenye habari. Ukisoma kwamba wabunge wako "matumbo joto", usiwatafutie dawa: wana hofu. Akiwa mmoja, ni tumbo joto. Nazo "siasa za tumbo" ni za kutafuta shibe yako kwanza, wananchi baadaye.

5. Mtaani. Tanzania, "huu ni utumbo" maana yake upuuzi, au kazi iliyofanywa hovyo. Miongoni mwa marafiki hupita. Mbele ya mkweo au mkuu wako wa kazi, sema tu "hili halijakaa sawa".

Ukikwama katika kuandika, upatanisho utakuongoza: tumbo linauma, utumbo umejisokota, matumbo yameiva. Na ukiwa mgeni mahali, muulize mwenyeji kwao husemaje kabla hujaagiza chakula.