Tukipata, Tusipopata: Viambishi vya Masharti katika Mazungumzo ya Familia Inayosubiri Viza

Utangulizi

Viambishi vya masharti katika Kiswahili hufundishwa aghalabu kwa sentensi zisizo na mwenyewe: mvua ikinyesha, mkulima atapanda, ningekuwa tajiri, ningenunua ndege. Mwanafunzi huzikariri, huzitumia kujibia mtihani, kisha huzisahau. Hata hivyo, viambishi hivi si mapambo ya vitabu vya sarufi. Ni vipimo ambavyo wanajamii hutumia kila siku kupimia matumaini, hofu na majuto yao.

Makala hii inanuia kuvichunguza viambishi hivyo katika muktadha mmoja unaozigusa familia nyingi nchini Kenya, yaani maandalizi ya kuhamia nchi ya kigeni wakati viza haijapatikana. Hoja inayoendelezwa ni kwamba kiambishi kinachoteuliwa na wanafamilia hudhihirisha namna wanavyoielewa hali yao, na kwamba -sipo-, ambacho ndicho kinachosahaulika zaidi katika mazungumzo ya aina hii, ndicho kinachohitajika zaidi.

Muktadha wa Kusubiri

Neno ughaibuni lina mnasaba na ghaibu, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ni hali ya kutokuwepo au kutoonekana. Anayejiandaa kwenda ughaibuni basi anajiandalia asichokiona. Si nchi tu isiyoonekana. Hata ruhusa ya kuingia humo haijaonekana.

Mfano bora ni mpango wa Marekani wa viza za bahati nasibu, ambao kwa miaka mingi ulizivutia familia za Kenya. Mpango huo uliasisiwa kwa sheria ya uhamiaji ya mwaka 1990, na ukaanza kutekelezwa kikamilifu katika mwaka wa fedha wa 1995. Viza zilizotengwa hazikuzidi 55,000 kwa mwaka, ilhali waliochaguliwa walikuwa wengi kupita idadi hiyo. Katika mpango wa mwaka 2021, waliochaguliwa pamoja na wenza na watoto wao walizidi 130,000. Isitoshe, aliyechaguliwa alipaswa kukamilisha hatua zote kabla ya tarehe 30 Septemba, siku ambayo mwaka wa fedha wa Marekani humalizika. Siku hiyo ikipita, nafasi yake ilipotea.

Mabadiliko ya ghafla nayo hayakukosa. Mnamo Mei 2011, watu wapatao 22,000 waliokuwa wamearifiwa kuwa wamechaguliwa waliambiwa kwamba matokeo yamefutwa kutokana na hitilafu ya programu ya kompyuta. Aprili 2020, wakati wa janga la korona, Rais wa Marekani alitoa amri iliyosimamisha utoaji wa viza kwa makundi mengi ya wahamiaji. Desemba 2025, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kusitishwa kwa mpango wenyewe wa bahati nasibu.

Hali haikuwa tofauti sana Uingereza. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024, wafanyakazi wapya wa kuwatunza wazee na wasiojiweza walizuiwa kuandamana na wenza na watoto wao. Ilipofika tarehe 22 Julai 2025, njia ya kuwaajiri wafanyakazi hao kutoka nchi za nje ilifungwa. Familia iliyokuwa imepanga kuhama pamoja ilijikuta mbele ya sharti ambalo halikuwapo ilipoanza kupanga.

Data na Uchambuzi

Ichukuliwe familia ya kubuni mjini Nakuru. Mama Neema ni muuguzi, Baba Neema ni mwalimu, nao wana watoto watatu na shamba la ekari mbili. Wametuma maombi ya viza na wanasubiri jibu. Mazungumzo yao ya jioni yanaweza kuzaa sentensi zifuatazo:

(1) Tutakapopata viza, tutauza shamba.
(2) Tukipata viza, tutauza shamba.
(3) Tungepata viza, tungeuza shamba.
(4) Tungalipata viza, tungaliuza shamba.
(5) Tusipopata viza, tutafanyaje?

Sentensi (1) ina umbo -taka-, ambalo ni sura ndefu ya kiambishi cha wakati ujao -ta-, likifuatwa na -po- ya wakati. Kimaana, sentensi hii haina sharti. Haiulizi kama viza itapatikana. Inachosubiri kujua ni lini. Msemaji ameichukulia viza kuwa jambo la hakika lililochelewa tu. Kutoka hapo hadi hali timilifu, "tumepata", ni hatua fupi mno. Ndivyo ilivyotokea kwa familia zilizopokea habari za kuchaguliwa katika bahati nasibu na kutangaza, "Tumeshinda!" Kitenzi shinda kililetwa na dhana ya mchezo wa bahati. Ukweli ni kwamba kuchaguliwa kulimpa mtu idhini ya kuendelea na maombi tu. Fomu, uchunguzi wa daktari na mahojiano ubalozini vilikuwa bado mbele yake. Kati ya kuchaguliwa na kushinda mna tofauti ya kimaana ambayo imewagharimu watu mali.

Sentensi (2) ni ya masharti, na mlango wake uko wazi: viza yaweza kupatikana au isipatikane. Hata hivyo, -ki- ina utata. Anayesema "Nikifika nyumbani nitakupigia simu" hana shaka kwamba atafika; hapo -ki- inakaribia maana ya wakati. Kwa hivyo, Baba Neema anaweza kusema "tukipata" akikusudia sharti, naye Mama Neema akasikia wakati. Wote wawili wametumia sarufi sahihi, lakini hawajaafikiana. Utata huu huondolewa kwa viunganishi kama vile iwapo na endapo. "Endapo tutapata viza" haimwachii msikilizaji nafasi ya kudhani kuwa jambo limekwisha.

Sentensi (3) ina -nge-, ambayo huonyesha jambo linalowezekana lakini matumaini yake ni haba. Familia inayohama kutoka "tukipata" hadi "tungepata" imeanza kukata tamaa, hata kama haijakiri hivyo. Sentensi (4), yenye -ngali-, hurejelea wakati uliopita na fursa iliyokwisha kupotea. Sarufi ya shuleni husisitiza kwamba kiambishi kinachotumika katika kishazi cha kwanza ndicho kitumike katika cha pili, kama ilivyo katika mifano yote miwili.

Inafaa kutanabahisha kuwa kuna -ngali nyingine ambayo haina uhusiano na masharti, nayo humaanisha bado, kama katika "angali mgonjwa". Wanafunzi wengi huzichanganya. "Tungali tunasubiri" ni kauli ya mtu ambaye tumaini lake li hai. "Tungalisubiri" ni kauli ya aliyeharakisha na sasa anajuta. Umbo linafanana, lakini kati ya kauli hizo mbili huenda shamba limeuzwa.

Nafasi ya -sipo-

Sentensi (5) ndiyo kiini cha makala hii. Kiambishi -sipo- ni ukanushi wa -ki- ya masharti: tukipata hukanushwa kuwa tusipopata, wala si hatukipata. Kila "tukipata" hubeba "tusipopata" kivulini mwake. Sarufi inavitambua vyote viwili kuwa pande mbili za sharti moja. Katika mazungumzo ya kuhama, hata hivyo, upande wa pili hunyamaziwa. Kuutaja huonekana kama kukosa imani au kuwatakia wengine mkosi. Kwa mfano:

Baba Neema: Tukipata viza, shamba tutaliuza.
Mama Neema: Na tusipopata, Baba Neema, tutalima wapi?

Mama Neema hajapinga safari. Amekamilisha sentensi ya mumewe. Swali lake linalingana na ushauri ambao mamlaka za Marekani zimekuwa zikiwapa waombaji wa viza: wasiuze mali, wasiache kazi wala wasinunue tiketi ambayo nauli yake hairejeshwi kabla ya viza kutolewa. Wahenga nao walikwisha kulinena: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa kutumia jozi ya -ki- na -sipo-, maandalizi ya familia yanaweza kuainishwa katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la mambo yanayofaa katika hali zote mbili: kupata pasipoti, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa na nakala za vyeti vya masomo, kulipa madeni, kuweka akiba, na kuwaeleza watoto ukweli kwamba jibu halijaja. Familia ikipata viza, haya yatahitajika. Isipopata, hakuna kilichopotea. Kundi la pili ni la mambo yanayofaa katika -ki- pekee: kuuza ardhi, kujiuzulu, kuwaondoa watoto shuleni na kuvunja mkataba wa nyumba. Haya hayarudishiki kwa urahisi, na hivyo hustahili kungoja viza iwe mkononi.

Familia inayolitenda kundi la pili mapema hujiweka katika hatari ya kuishia kwenye sentensi ya sita, ambayo ndiyo nzito kuliko zote:

(6) Tusingaliuza shamba, tungalikuwa na pa kurudi.

Hapa -ngali- imekanushwa kwa -si-, na sharti limegeuka majuto. Majuto, kama isemwavyo, ni mjukuu.

Hitimisho

Makala hii imeonyesha kuwa -taka-po-, -ki-, -nge-, -ngali- na -sipo- hupanga daraja za uhakika, kuanzia jambo linalodhaniwa kuwa la hakika hadi lile lisiloweza kutokea tena. Sera za viza hubadilika bila kuzishauri familia, na hakuna kiambishi kiwezacho kubadilisha uamuzi wa ubalozi. Hata hivyo, familia inaweza kuuchagua usemi utakaoiweka macho. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeombwa na jamaa au jirani amfasirie barua ya ubalozi ana dhima hapa. Asiligeuze "umechaguliwa" kuwa "umeshinda", wala sharti lililo barua ile asilifanye ahadi. Akimaliza kufasiri, amkumbushe mwenye barua kuuliza swali la Mama Neema.

Maswali ya Marudio

1. Eleza tofauti ya kimaana kati ya "tutakapohama", "tukihama" na "tungehama".
2. Kanusha: Wangalikubali maombi yetu, tungalihama pamoja.
3. Tunga sentensi mbili zitakazobainisha -ngali ya masharti na -ngali yenye maana ya bado.
4. "Kila -ki- hubeba -sipo- kivulini mwake." Jadili kauli hii kwa kurejelea muktadha mwingine wa kijamii.