Minyoo wa Matamvua

Mchukue perege mbichi, kisha uinue kifuniko cha shavu lake. Utaona nyuzi nyekundu zilizopangwa kama meno ya kitana. Hayo ndiyo matamvua, ambayo kwayo samaki hupata oksijeni iliyomo majini.

Juu ya matamvua huweza kuishi minyoo bapa. Wengi hawafiki urefu wa milimeta 1, hivyo ni vigumu kuwaona bila hadubini. Nyuma ya mwili mnyoo ana vikulabu vya kumshikilia asichukuliwe na maji. Hula ute na utando laini wa matamvua. Mayai yake huanguliwa majini, na kinyoo kitokacho huogelea kumtafuta samaki. Minyoo wa kichocho huhitaji konokono kwanza, hawa hawamhitaji.

Mtoni, minyoo wachache hawamdhuru sana samaki. Lakini mfugaji wa Ubungo ajazaye perege wengi katika bwawa dogo huwafupishia minyoo safari. Matamvua huwa na ute mwingi, yakapauka. Alfajiri, oksijeni ipunguapo majini, samaki huja juu wakitweta. Mfugaji aonapo hivyo, apunguze samaki na kubadili maji mapema, la sivyo watakufa.

Je, mlaji ataambukizwa? La, minyoo hawa hawaishi mwilini mwa mtu.