Daftari la Diski: Jinsi ya Kulikagua na Kulitengeneza

Mwaka huu nimeona niandike somo linalotuhusu sote tunaotumia maabara ya tarakilishi, hata wale wanaoingia tu kuchapa mashairi ya chama chetu.

Wengi wenu mmesikia kisa cha tumbili wa Gitaru. Tarehe 7 Juni 2016, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kwenye mto Tana huku kwetu Embu, akaangukia transfoma. Transfoma ikazima, mitambo mingine ikalemewa, megawati zaidi ya 180 zikapotea na Kenya nzima ikawa gizani kwa saa kadhaa. Tumbili mwenyewe alipona akachukuliwa na KWS. Watu walicheka sana. Lakini hebu tujiulize: tarakilishi zilizokuwa zikiandika faili dakika ile zilipatwa na nini?

SOKO NA KARANI WAKE

Diski ni kama soko, tuseme Gakoromone pale Meru. Soko lina vibanda vingi. Vibanda vya diski ni vipande vidogo vya nafasi, na mara nyingi kimoja hubeba baiti 4096. Shairi fupi hutoshea kibanda kimoja. Picha hutaka mamia, na si lazima vibanda vyake vifuatane. Sasa nani anajua mali ya nani iko wapi? Ni karani wa soko, mwenye daftari. Daftari hilo ndilo liitwalo mfumo wa faili. Ukifungua insha yako, tarakilishi husoma daftari kwanza, ndipo iende vibandani.

Stima zikipotea karani akiwa katikati ya mstari, huenda mali imeshaingia kibandani na daftari halijaandikwa, ama daftari limeandikwa na mali haijafika. Kuchomoa flashi ghafla nako huleta shida hiyo hiyo. Makosa yanayotokea ni kama haya:

1. Kibanda kina mali lakini daftarini hakina mwenyewe.
2. Faili mbili zinadai kibanda kimoja.
3. Daftari linasema kibanda ni kitupu, kumbe kina mwenyewe. Faili mpya itaandikwa humo na ile ya zamani iharibike.

Ndiyo maana diski yenye kosa haifai kuendelea kuandikiwa. Kosa la leo huzaa lingine kesho.

KUKAGUA NA KUTENGENEZA

Kwenye Windows kuna programu ya chkdsk, iliyotoka enzi za MS-DOS. Kwenye Linux kuna fsck. Fungua kidirisha cha amri ukiwa msimamizi wa mashine, kisha uandike:

chkdsk E:

Herufi E ni ya diski unayotaka kukagua, kwa hivyo hakikisha kwanza flashi yako imepewa herufi gani. Amri hii hutoa ripoti tu, haibadilishi kitu. Ukiongeza /f mwishoni, itarekebisha makosa ya daftari. Ukiongeza /r, itatafuta pia sehemu mbovu za diski na kujaribu kuokoa kinachosomeka humo. Kwa diski kubwa hiyo ni kazi ya saa nyingi. Diski C huwa inatumika, kwa hivyo utaulizwa kama ikaguliwe mashine itakapowashwa tena. Jibu Y. Nayo fsck usiitumie kwa diski iliyo kazini. Itenganishe na mfumo kwanza.

JAMBO AMBALO WENGI HAWAJUI

Programu hizi hutengeneza daftari. Hazitengenezi insha yako. Shabaha yao ni soko lifunguliwe tena bila ugomvi, hata kama mchuuzi mmoja atapoteza mali. Vipande visivyo na mwenyewe huwekwa katika faili zenye majina kama FILE0000.CHK, ndani ya folda iitwayo FOUND.000.

Muhula uliopita flashi ya chama ilianza kusumbua, mashairi mengine yakifunguka na mengine yakikataa. Tulinakili kwanza yale yaliyofunguka, ndipo tukatumia /f. Shairi moja tulilipata ndani ya faili ya CHK likiwa bila beti mbili za mwisho. Mtunzi wake ilibidi akae chini azitunge upya. Bila ile nakala ya kwanza, tungekuwa tunabahatisha na mashairi yote.

Kwa hivyo utaratibu ni huu: nakili, kagua, kisha tengeneza. Na kama diski inagonga ta-ta-ta, usikimbilie /r, kwa sababu utaichosha diski mgonjwa. Okoa faili kwanza.

Kweli, mifumo ya kisasa ina kinga. NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, na ext3 ya Linux, iliyoingia mwaka 2001, humpa karani kijitabu cha pembeni. Huandika humo anachotaka kufanya kabla ya kugusa daftari, na stima zikirudi hukisoma akamaliza. Lakini kijitabu hakilindi aya ambayo hukuwa umeihifadhi. Tena FAT32 na exFAT, zinazotumika sana kwenye flashi na kadi za simu, hazina kijitabu hicho. Sisi wa shule ya kutwa tunaobeba kazi kwa flashi kutoka saiba hadi darasani, na ndugu zetu wa kidato cha nne wenye mradi wa KCSE, tusikae na nakala moja tu.

ZOEZI

(a) Taja tofauti kati ya chkdsk E: na chkdsk E: /f.
(b) Kwa nini tunanakili kabla ya kutengeneza?
(c) Faili mbili zikidai kibanda kimoja, ni nani anaweza kupata hasara? Eleza.

Majibu yote yamo humu ndani. Mkumbuke kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.