Wanaume Walezi wa Watoto Wadogo

Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya watoto wadogo kule Ujerumani mwaka 1837, alikuwa mwanamume. Lakini leo tukizitazama nchi mbili, twaona hivi: huko Norwe, katika walezi 100 wa shule hizo, wanaume ni kama 10, huko Uingereza ni kama 3 tu. Je, Wanorwe wamezaliwa wapole kuliko wenzao? Sivyo. Serikali yao tangu miaka ya 1990 ilikusudia kuwapata 20, ingawa haijawapata bado. Tena iliruhusu mwanamume atangulizwe akilingana na mwanamke kwa ujuzi. Uingereza mshahara wa kazi hiyo ni haba, na mwanamume aishikaye hutazamwa kwa mashaka. Basi mtoto asiye na baba aweza kutimiza miaka 5 asiwe amefundishwa na mwanamume hata siku moja.