Hesabu Wati Kwanza: Maswali na Majibu kuhusu Kompyuta na Ufundi wa Nyumbani, Arua na Koboko

Hadi mwaka 2024 mkoa wa West Nile ulikuwa nje ya gridi ya taifa ya Uganda. Kampuni ya WENRECO, iliyokabidhiwa eneo hili mwaka 2003, ilianza na jenereta ya mafuta mazito ya megawati 1.5. Mwaka 2012 ukaongezeka mtambo wa umeme wa maji wa Nyagak, wilayani Zombo, wenye megawati 3.5. Mji wa Arua ulikuwa unakua mbio kuliko umeme wake, na mgao ukawa sehemu ya maisha. Kwa hiyo mpenda kompyuta wa huku alijifunza mapema kuuliza swali ambalo mwenzake wa Kampala hakulihitaji sana: kifaa hiki kinakula wati ngapi? Mimi si mhandisi wa kusomea. Ni mtu wa kufungua vifaa, kupima na kufunga tena. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa mara nyingi.

Fundi, nataka kufungua duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Arua. Kompyuta ya mezani ni nafuu kuliko laptopu. Nichukue ipi?

Mama, unafuu wa dukani si unafuu wa mwaka mzima. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake hula wati 100 au zaidi muda wote inapowaka. Laptopu ya kawaida, ukiandika barua tu, hula kati ya wati 15 na 30. Tena laptopu ina betri yake ndani: umeme ukikatika katikati ya barua ya mteja, kazi haipotei. Chukua laptopu, uiongezee kibodi na mausi vya nje ili isichakae mapema.

Jambo linalowaumiza wenye maduka si kompyuta bali printa. Printa ya leza hupasha moto roli la kuunguzia wino, na kwa muda huo mfupi huvuta mamia ya wati, nyingine hukaribia 1,000. Ukiichomeka kwenye inveta ndogo, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa ukutani, inveta hulia na kujizima, au huungua kabisa. Printa ya wino wa maji hutumia wati chache sana. Basi gawa kazi: laptopu na printa ya wino vifanye kazi kwenye betri wakati wowote, mashine ya kopi na printa ya leza zisubiri umeme wa gridi au jenereta.

Nina betri ya saa-ampea 100 hapa Koboko. Muuzaji aliniambia itaendesha kompyuta siku nzima. Ni kweli?

Kaka, tuhesabu pamoja. Volti 12 mara 100 ni wati-saa 1,200. Lakini betri ya risasi na asidi haitaki kushushwa chini ya nusu. Ukizoea kuikausha, itakufa kabla ya wakati wake. Zinabaki 600. Inveta nayo hula sehemu yake, tuseme asilimia 15. Unabaki na wati-saa kama 500 hivi. Kompyuta ya mezani ya wati 120 itazitumia kwa saa nne na kidogo. Laptopu ya wati 25 itakwenda takriban saa 20. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa mkweli au mwongo, inategemea kompyuta gani.

Upande wa kujaza nao una hesabu yake. Paneli ya wati 100 kwa saa tano za jua zuri ingetoa wati-saa 500, lakini joto, vumbi na nyaya hupunguza. Wewe panga kwa 350. Ukitumia zaidi ya hizo kila siku, hata betri iwe kubwa namna gani, mwishowe utalala gizani. Betri za lithiamu aina ya chuma-fosfeti huvumilia kutumiwa asilimia 80 ya uwezo wake na hudumu miaka mingi zaidi. Ni ghali siku ya kununua, lakini mwenye duka linalofanya kazi kila siku atairudisha pesa yake.

Kuna njia ya kukwepa inveta kabisa?

Ipo, na ndiyo ninayoipenda. Vifaa vingi vya kompyuta ndani yake vinatumia umeme wa moja kwa moja. Ni kazi bure kuupandisha umeme wa betri kutoka volti 12 hadi 240, kisha chaja iushushe tena hadi 19. Kwa laptopu, tafuta chaja ya gari inayotoa volti ya laptopu yako. Ruta nyingi hutumia volti 12, ila usiziunge kwenye betri moja kwa moja, kwa kuwa betri inapochajiwa hupanda hadi kama volti 14.4. Weka kidhibiti cha volti katikati.

Angalizo ni moja: waya. Umeme wa volti 12 hudai waya mnene. Kifaa cha wati 120 kwenye volti 240 huvuta nusu ampea. Kwenye volti 12 huvuta ampea 10. Ukitumia waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri hadi chumba kilicho mita 10, utapoteza takriban volti 1.4 njiani, na kifaa kitagoma. Betri ikae karibu na kazi, na kila waya unaotoka kwenye betri uwe na fyuzi mwanzoni kabisa. Betri haina nguvu ya kumrusha mtu kama umeme wa ukutani, lakini ina nguvu ya kuyeyusha waya na kuchoma nyumba.

Nitajuaje paneli au betri ya bandia kabla ya kulipa?

Nenda sokoni na multimita yako, saa sita za mchana, jua likiwa wazi. Paneli ya wati 100 ya mfumo wa volti 12 ikipimwa bila mzigo huonyesha kama volti 22. Hiyo pekee haitoshi, maana hata paneli ndogo huweza kutoa volti hizo. Hamisha waya wa mita kwenye tundu la ampea 10, gusanisha ncha mbili za paneli kupitia mita: unatarajia ampea 5 hadi 6. Ukiona ampea 2, unauziwa paneli ya wati 40 yenye karatasi ya uongo mgongoni.

Seli za lithiamu za duara, zile za ukubwa wa 18650, ukiona zimeandikwa 9900 mAh, ziache hapo hapo. Seli bora ya ukubwa huo haivuki sana 3,500 mAh. Flashi na kadi za kumbukumbu nazo zipime: kwenye Linux kuna programu ya F3, kwenye Windows kuna H2testw. Hujaza kifaa chote kisha kusoma tena, na gigabaiti 128 za uongo huumbuka.

Gridi ya taifa sasa imefika Arua. Bado kuna haja ya sola?

Mzee wangu, furaha yako ni halali. Lakini laini ndefu hupita kwenye miti, pepo na mvua nyingi, na umeme ukirudi baada ya kukatika mara nyingine hurudi na kishindo. Ushauri wangu: punguza mfumo, usiuvunje. Betri moja nzuri na paneli ya kuitunza vitabaki kuwa akiba ya taa, simu, ruta na laptopu. Mizigo mizito kama friji na pasi iachie gridi. Kati ya soketi na vifaa vyako weka kinga ya volti, ile inayosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuupitisha. Radio Pacis ya Jimbo Katoliki la Arua, iliyoanza kurusha mwaka 2004, iliwekeza kwenye sola ili isinyamaze kila umeme unapokatika. Redio ina sababu zake, lakini hoja ni ile ile hata kwa nyumba ya vyumba viwili.

Na radi je?

Hapa sitanii. Agosti 2020 radi iliua watoto 10 karibu na Arua, waliokuwa wamejikinga mvua kibandani. Novemba 2024 iliua watu 14 katika makazi ya wakimbizi ya Palabek, wilayani Lamwo. Kwanza linda watu, ndipo vifaa. Ngurumo ikianza, chomoa plagi, chomoa waya wa antena na wa paneli kama unaweza kufanya hivyo mapema. Ikishakuwa juu yenu, usiguse waya wowote. Kuzima swichi hakutoshi, maana pengo la ndani ya swichi radi hulivuka. Nyumba yenye paneli juu ya bati inahitaji waya wa ardhi uliofungwa na fundi umeme mwenye leseni, wenye fimbo iliyozama kwenye udongo unyevu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari Koboko. Shule haina intaneti ya maana. Kompyuta zitatusaidia nini?

Mwalimu, maktaba inaweza kukaa darasani bila intaneti. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2012, inatoshea kiganjani na hula takriban wati 5. Weka ndani yake Kiwix, inayobeba Wikipedia ya kusomwa nje ya mtandao. Ile ya Kiingereza pamoja na picha ni gigabaiti 100 hivi, ya Kiswahili ni ndogo sana. Ongeza Kolibri, yenye masomo na mazoezi, ambayo inaweza kutumiwa kwa Kiswahili pia. Wanafunzi huunganisha simu au laptopu kwa Wi-Fi ya darasani na kusoma bila kununua bando. Hilo si jambo dogo katika nchi ambayo tangu Julai 2021 data hutozwa ushuru wa asilimia 12.

Wati 5 kwa saa 24 ni wati-saa 120 kwa siku. Paneli ya wati 50 inazitoa na kubakiza. Darasa likiwa kubwa, iunganishe na ruta ya zamani, kwani Wi-Fi ya Raspberry Pi huzidiwa na watu wengi. Na usiizime kwa kuchomoa waya: kadi yake ya kumbukumbu huharibika umeme ukikatika ghafla, hivyo iwe na betri yake na nakala ya kadi kabatini. Wazo lenyewe lina historia kwetu kaskazini. Mwaka 2007 Jimbo Kuu la Gulu lilianzisha mradi wa BOSCO, uliopeleka kompyuta za wati chache, sola na mtandao usio na waya kwenye kambi za wakimbizi wa ndani.

Laptopu yangu ni ya zamani, imekuwa nzito mno. Niitupe?

Usitupe. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Nyingi bado ni nzima. Toa diski ya kuzunguka, weka SSD ya gigabaiti 240; hapo utaona tofauti kubwa kuliko marekebisho mengine yote. RAM ifike angalau gigabaiti 4. Kisha jaribu Linux Mint ya Xfce kutoka kwenye flashi, kabla ya kufuta chochote. LibreOffice itafungua barua na mahesabu yako. Kabla ya yote hayo ifungue, upulize vumbi kwenye feni na ubadilishe pasta ya joto. Vumbi la kiangazi cha Desemba hadi Februari huifanya mashine ipate moto, na mashine yenye moto hujipunguzia kasi yenyewe.

Nimeokota seli kwenye betri za laptopu zilizokufa. Nitengeneze betri kubwa?

Kwa taa moja au tochi, sawa, ikiwa kila seli imepimwa na ina kinga. Iliyoshuka chini ya volti 2 iweke kando, na usiipe chaji tena. Kujenga betri ya nyumba kwa seli mchanganyiko na kuiweka chumba wanacholala watoto, jibu langu ni hapana. Moto wa lithiamu huzimika kwa shida.

Mimi ni msichana, nimemaliza kidato cha nne. Nianzie wapi, na kwa vifaa gani?

Dada, anza na multimita, chuma cha kulehemu cha wati 40 hadi 60, risasi ya kulehemu, bisibisi za nyota ndogondogo na koleo la kukatia. Jifunzie kwenye redio na ruta za volti 12 zilizokufa. Chaja na pawasaplai za ukutani zisubiri: kapasita iliyo ndani hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi. Ukitaka kusomea, Chuo Kikuu cha Muni kiko hapa hapa Arua, kilianza kupokea wanafunzi mwaka 2013 na teknolojia ya habari ni nguzo yake. Ukitaka wenzako wa kujifunza nao, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp shirika la CTEN, lililoanzishwa na vijana wa Sudan Kusini, limekuwa likifundisha kutengeneza vifaa vilivyoharibika.

Neno la mwisho?

Kabla ya kulipia kifaa chochote, geuza chaja yake usome maandishi madogo. Zidisha volti kwa ampea: 19 mara 3.42 ni wati 65, na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa. Andika namba hiyo, izidishe kwa saa utakazotumia, uilinganishe na betri na paneli ulizonazo. Ikizidi, usinunue, hata muuzaji akupunguzie bei.