Kila Data na Aina Yake

Sisi wa Mlimba tunaijua reli ya TAZARA. Upana wake ni milimita 1,067, na wa tawi la Reli ya Kati litokalo Kilosa ni milimita 1,000. Reli hizo hukutana Kidatu, lakini behewa la moja halipiti juu ya nyingine.

Kurasa za intaneti nazo huundwa kwa vipande vinavyopeana data. Napenda kueleza hatari iliyomo. Tuseme kipande cha matokeo kinapewa alama 70 na 8 kuzijumlisha. Katika lugha ya JavaScript, ikiwa 70 imeletwa kama maandishi, jibu si 78 bali ni 708, na kompyuta hainung'uniki!

TypeScript, iliyotolewa na Microsoft mwaka 2012, ni dawa yake. Mtungaji hutaja mapema kwamba jina ni maandishi na alama ni namba. Akichanganya, huonywa kabla ukurasa haujafunguliwa.

Lakini tukumbuke: programu ianzapo kazi, aina hizo zimekwisha kufutwa. Basi data itokayo nje haina budi kukaguliwa tena, mwanafunzi asije akapewa alama zisizo zake.